Mzizi Mwekundu Kutoka China

Wiki iliyopita, katika duka la dawa mtaani Iftin, mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alitoa mkobani mkebe wa vipande vyekundu vya mizizi. Binti yake alikuwa amemletea kutoka China, kwa ajili ya moyo.

"Nakunywa kama chai, leo siku ya tano," alimwambia mfamasia. "Sasa nipe vile vidonge vyangu vya kuzuia damu kuganda."

Mfamasia alivirudisha vidonge nyuma ya kaunta. "Mama, usichanganye. Mzizi huu una kemikali zinazozuia damu kuganda, tena zinazidisha nguvu ya vidonge. Unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani."

"Wallahi! Si nyinyi husema dawa ya miti haina kitu?"

"Hii ina kitu."

"Kwa hivyo inafanya kazi?"

"Inafanya. Ndiyo maana naogopa."

Mama alicheka, kisha akapandisha mkono wa buibui. Damu ilikuwa imevilia juu ya kiwiko, mahali pawili. "Na hii je, daktari? Sijaanguka, sijagongwa."

Mfamasia hakucheka. Alimwandikia karatasi aende hospitali kupimwa damu saa hiyo hiyo, na mkebe aubebe.

Mimi na shahada yangu ya chuo kikuu tumebishana na watu miaka mingi kama mitishamba inafanya kazi. Hatujawahi kuuliza inafanya kazi pamoja na nini. Zamu yangu ilipofika, mfamasia aliniuliza kama kuna kitu kingine ninachotumia. Nilimtajia hadi tangawizi.