Tumbo Lililohamia Shavuni

"Dunia nzima sasa inaona tumbo la mke wangu," Oundo alisema, na mkono wake ukazunguka kuanzia Jiwe la Tororo mpaka kule alikodhani Ulaya iko. "Wahindi wa duka wameliona. Makuli wa reli wameliona. Gari la moshi likipita Malaba abiria wanatoa vichwa dirishani, wanaliona, wakifika Kampala wanasimulia. Mimi nililipia ng'ombe nane nilione peke yangu!"

Ikiring, dresa wa hospitali, mfunga vidonda na mkalimani, alimwambia taratibu kwamba gari la moshi halipiti karibu hivyo na soko anakouzia mke wake.

"Linapunguza mwendo," Oundo akasema.

Walikuwa kwenye veranda ya hospitali ndogo ya misheni, njia ya kwenda Nabuyoga, mwaka ule Malkia mpya alivishwa taji. Daktari Mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, miguu mirefu imekunjwa kama ya panzi. Na kwenye benchi alikaa mwenyewe anayesemwa, Taaka, mama Maloba, anatafuna karanga alizopewa na daktari, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi ya jirani. Shavu lake la kulia lilikuwa shavu kama la mtu yeyote. La kushoto, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya, lilikuwa laini, jeusi la kung'aa, na juu yake zilipangwa chale, safu kwa safu, vipele vidogo vilivyoinuka kama magamba ya samaki ngege.

Sasa, chale zile hazikuzaliwa shavuni, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Taaka ni mtoto wa Samia, huko chini karibu na ziwa. Alipoota matiti walimpeleka kwa Apendi, mama fundi wa kuchanja. Apendi alikuwa anainua ngozi ya tumbo kwa mwiba, anakata kidogo kwa wembe, anapaka majivu, anahamia kwa nyingine. Msichana akilia, Apendi anafunga kazi hapohapo, na bwana harusi siku moja atakuta shamba limelimwa nusu. Taaka hakulia. Safu zilipoisha, akauliza kama hakuna nyingine. Apendi aliisimulia habari hiyo miaka mingi, maana katika kazi yake yote hakuna mwingine aliyeomba nyongeza.

Chale hizo zilikuwa za chini ya nguo. Aliyezijua ni aliyezichanja, na wanawake waliomshika, na Oundo. Basi.

Taaka akaolewa Busia, akazaa watoto wanne, akawa muuza samaki wa kukausha. Sauti yake ilikuwa inafika kwa mteja kabla harufu ya samaki haijafika. Halafu kiangazi kimoja nyumba ya mama mkwe ikashika moto. Taaka alisikia bibi yumo ndani, akaingia. Bibi hakuwamo. Bibi alikuwa kwa jirani anakunywa uji, tena anasema uji hauna chumvi. Taaka akatoka na kuku aliyekuwa anaatamia, na nyasi za paa zinawaka shavuni kwake.

Kidonda kilipona, lakini kilipona vibaya. Ngozi ilijikunja kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa juani. Ikavuta ukope chini, ikavuta mdomo juu. Jicho halikufunga hata akilala. Uji ulitoka pembeni. Sokoni akageuza meza yake ikae kwa upande, wateja waone shavu zima tu, na sauti ile ikapungua, ikapungua, mpaka watu wakawa wanauliza bei kwa jirani yake. Oundo ni mtu wa maneno mengi, anataniana hata na karani wa kodi. Lakini jicho lile lisilofunga lilimnyamazisha. Alikuwa analifunika kwa kitambaa chenye maji mke wake akilala, na asubuhi hakuna aliyelitaja.

Ndipo habari za Cherehani zikafika. Hilo ndilo jina watu walimpa daktari, kwa sababu ya kushona. Walisema wakati wa vita alikuwa anatengeneza marubani waliounguzwa ndani ya ndege, anawawekea pua, anawawekea kope. Oundo aliposikia, alicheka. Alisema kama mtu anaweza kupewa pua mpya, yeye ataomba ya karani. Lakini akampakia mke wake nyuma ya baiskeli, akaendesha.

Daktari alieleza kwa kutumia sanduku. Akamwambia Ikiring alilete, akaonyesha mkono wa kulibebea sanduku. Tutakata ngozi ya tumbo mistari miwili, akasema, tuikunje iwe kama huu mkono, pande zote mbili bado zimeshikana na tumbo ili zinywe damu. Halafu tutahamisha upande mmoja. Halafu mwingine. Mpaka ifike. Oundo akamwangalia Ikiring kuona kama ametafsiri vizuri. Ikiring akasema ndiyo, ametafsiri vizuri, na yeye pia mara ya kwanza alifikiri daktari ana homa.

Wiki tatu baadaye Oundo akarudi kwa baiskeli, akafunuliwa shuka. Juu ya tumbo la mke wake palikuwa na mkono wa sanduku. Ngozi hai, yenye joto. Kidole chake kilipita chini yake, kikatokea upande wa pili. Siku hiyo alisahau kula.

Safari ya pili, upande mmoja wa ngozi ile ulikuwa umeachana na tumbo, umeshonwa kwenye kifundo cha mkono wa Taaka, na mkono umefungwa hapo kama wa mtu anayetafuta kitu mfukoni asikipate. Safari ya tatu tumbo lilikuwa limeachwa kabisa. Mkono ulikuwa umepanda juu, umefungwa kichwani kwa plasta ngumu, na ngozi kutoka mkononi imeingia shavuni. Taaka alifanana na mwanamke anayeumwa jino. Alikaa hivyo wiki tatu. Oundo akamlisha uji kwa kijiko, naye akalalamika kwa upande wa mdomo kwamba hauna chumvi, kama mama mkwe.

Siku hiyo daktari alimwita Oundo asogee. Akabonyeza ngozi ile kwa kidole kimoja. Ikapauka. Akaachilia. Polepole rangi ikarudi, kutoka pembeni kwenda katikati, kama maji yanavyorudi kisimani ukishateka. "Tazama," daktari akasema, "sasa anakunywa damu kutoka shavu." Oundo akavua kofia. Hakuna aliyemwambia avue. Ngozi ilikuwa imetoka tumboni ikapanda mpaka usoni bila kushuka njiani hata siku moja, na mahali pote ilipokaa ilikubaliwa kama mgeni mwenye barua.

Mwisho waliitenganisha ngozi na mkono, wakaondoa ile ya shavuni iliyojikunja, wakaitandaza hii mahali pake. Oundo alipofika wodini Taaka alikuwa amelala mchana, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunga. Yote mawili. Alisimama pale akiyaangalia mpaka sista akamuuliza kama yeye ndiye mgonjwa anayefuata.

Taaka akarudi Busia, meza ikageuzwa mbele, sauti ikarudi na riba juu. Akila vizuri shavu lile linanenepa kabla ya lingine, maana ni la tumbo, halijasahau kazi yake ya zamani. Watu walikuja kununua samaki ili waone. Ila wanawake wa Samia waliona kingine. Mmoja aliinama, akaangalia safu zile, akasema polepole, "Hii si kazi ya Apendi?" Wakaanza kucheka, wengine kwa viganja mdomoni. Kabla ya jua kuzama soko zima lilijua lile ni tumbo.

Oundo angeweza kuvumilia soko. Baba yake, mzee Mangeni, hakuweza. Kwao baba mkwe haoni tumbo la mke wa mwanawe. Hata mguu juu ya goti haoni. Siku Taaka alipopiga magoti kumpa chakula, mzee alishaambiwa. Akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Akasema kutoka ndani ya blanketi, "Mimi siwezi kupokea ugali kutoka kwa tumbo."

Ikawa hivyo miezi mitano. Taaka akitoka mlangoni, blanketi linapanda. Mzee alijikwaa kwenye mbuzi. Aligonga nguzo ya ghala. Mwishowe akaita wanaume wa ukoo, akatoa neno: ama chale zile zitoke usoni, ama mwanamke ajengewe nyumba ng'ambo ya kijito, nje ya boma, na huko azeeke. Na Cherehani alikuwa anarudi kwao Jumamosi.

Ndiyo maana walikuwa verandani siku ile. Na Apendi pia alikuja, na fimbo yake, kwa sababu alisikia kuna mwanamume amehamisha kazi yake bila kuiharibu, akataka kumwona mtu wa namna hiyo.

Hapo palitokea jambo ambalo Oundo, pamoja na hasira yake yote, hakuweza kulikatiza. Apendi alimshika Taaka kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akahesabu safu. Akapitisha ukucha kwenye mshono chini ya taya, ule ambao hata Oundo hakuujua. Akahema. Akasema kwa Kisamia kwamba mtu huyu lazima alifundishwa na mwanamke. Daktari alipotafsiriwa akacheka, halafu akaacha kucheka, akatoa kioo cha kukuzia, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya bibi yule. Akauliza mwiba wa mti gani. Majivu ya nini. Unakata kina gani, unafanyaje kovu lisitambae. Apendi akamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, kwa ukucha, naye akaandika, akachora. Daktari alisema kuna daftari ambalo madaktari wa uso wanatumiana duniani, na wote wanaandika namna moja tu, jinsi ya kuficha kovu. Hajamsoma mmoja anayeweza kuliamuru kovu likae wapi na liishie wapi.

Apendi akamtazama akiandika, akamwambia Ikiring, "Mwambie aandike na jina langu. Asije akasema ni lake."

Jina likaandikwa. Oundo akapata nafasi yake, na hapo ndipo alipomwaga yale ya makuli na gari la moshi.

"Inaweza kutoka?" akauliza mwisho, ameshachoka.

Daktari akasema inaweza. Atalazwa usingizi kwa dawa, halafu atasuguliwa kwa msasa, msasa uleule wa seremala, uliochemshwa. Mwezi mmoja na shavu litakuwa tupu. Aliposema tupu, Apendi aliangalia pembeni.

"Basi lete karatasi," Oundo akasema. "Natia kidole."

Ikiring alishafungua kikopo cha wino. Daktari akanyoosha mkono, akakifunika. "Hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Ile ngozi hapana yako. Mama nasema, mimi nafanya. Mama hapana sema, mimi hapana gusa."

"Mara ya kwanza nilitia kidole mimi!"

Ikiring akakohoa. Alikuwa mtu mwema, hakupenda kuleta habari. "Mzee Oundo, mara ya kwanza vidole ilikuwa mbili. Wewe uliweka chako ukakimbilia baiskeli. Huyu bwana alikataa, akasema mwenye ngozi pia aweke. Tena alimpa kuchagua. Kulikuwa tumbo na kulikuwa paja. Paja haina alama. Mimi ndiye nilimwambia, mama, ukichagua tumbo, hiyo maua yako itatoka nje."

Oundo akageuka polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani. "Paja lilikuwepo?"

Taaka akapukuta maganda ya karanga mapajani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu wafike.

"Paja langu halijafanya kazi yoyote, baba Maloba. Limekaa tu. Ile ya tumbo imekatwa na wembe ikanyamaza, imevutwa na watoto wanne, na kila mara ilirudi mahali pake. Wewe ungepeleka ipi?"

Oundo alimwangalia mke wake, akaona jicho likipepesa, likafunga, likafunguka, jambo dogo ambalo mwaka mzima alikuwa ameliomba. Ngozi chini yake ilikuwa imetoka jasho kidogo kwa joto la mchana, na jasho lilikuwa linapita katikati ya safu zile kama maji ya mvua kwenye matuta.

"Na baba?" akauliza mwisho, sauti imeshuka. "Na nyumba? Utahama kwa sababu ya shavu?"

Daktari naye akainama mbele. Kikopo cha wino kilikuwa bado chini ya mkono wake. "Jumamosi mimi nakwenda, mama. Tutoe ama tuache?"

Taaka akasimama. Akajifunga leso vizuri kiunoni, akavuta kikapu chake cha samaki kutoka chini ya benchi, Apendi akamsaidia kukiweka kichwani. Akamshukuru daktari kwa karanga. Akashuka ngazi moja, mbili, akaingia kwenye jua, akapita geti, akashika barabara ya kuelekea Malaba kwa mwendo wake wa sokoni. Daktari akakirudishia kikopo cha wino kifuniko chake.

"Mama Maloba," Oundo akaita. Akaita tena.

Alikuwa ameshaanza kunadi samaki.