Uzito Uliokataa Kuhamia Kushoto

Ninyi mnaobeba mikoba ya gofu, na ninyi mnaoamka mgongo umekaza mkajiambia ni uzee, nawaandikia nikiwa nimekaa, kwa sababu kusimama kwa muda mrefu siwezi. Naitwa Njoroge. Mungu amenibakisha, nami nitaeleza alivyonibakisha bila kupunguza kitu.

Nilikuwa kedi, mbeba mikoba ya wachezaji wa gofu, kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi nilitoka Mountain View kwa miguu, nikavuka Waiyaki Way hadi klabuni, na kufikia saa moja mkoba wa mtu ulikuwa begani mwangu. Jumatatu wanachama hawachezi, uwanja huwa wetu sisi makedi. Siku hiyo nami nilikuwa mtu. Nilipiga mpira mbali kuliko wenzangu wote, na nilijua wananitazama.

Mwanachama mmoja wa Loresho alinipa viatu vyake vikuukuu vya kuchezea, vya ngozi, vyenye meno ya chuma chini. Vilikuwa nambari tisa. Mguu wangu ni saba. Kwetu makedi kiatu cha mwanachama hakikataliwi, kwa hivyo nilivijaza magazeti mbele nikavaa.

Mwalimu wa klabu aliniona siku moja akasimama. "Njoro, wewe unapiga na mgongo. Zungusha kiuno, kisigino cha kulia kiinuke, uzito wote uende kwa mguu wa left. Ukimaliza nataka nikuone umesimama na huo pekee."

Alisema kweli. Lakini kila nikihamia kushoto, mguu uliteleza ndani ya kiatu. Basi nikabaki kulia, meno ya chuma yakashika nyasi, na kilichozunguka ni uti wa mgongo peke yake. Mpira ulienda mbali hivyo hivyo, nikaona mwalimu ana wivu tu.

Maumivu yalianzia tako la kushoto yakashuka hadi kwenye kisigino. Sikumwambia mtu. Kedi akisema mgongo unamuuma, kesho mkoba anapewa mwingine. Nilishuka mjini, kwenye duka la dawa, nikachomwa sindano, na wiki iliyofuata nikachomwa nyingine. Kisha nikaanza kufa ganzi katikati ya mapaja. Chooni nilijipangusa bila kuhisi mkono wangu. Hilo pia nilinyamazia, kwa aibu.

Jumatatu iliyofuata nilipiga mpira wa kwanza, kitu kikakatika mgongoni, nikaanguka kifudifudi. Kimani, kedi mwenzangu wa miaka mingi, alicheka akidhani nimeteleza. Halafu akaona suruali.

"Njoro, umejikojolea," akasema polepole.

Mimi sikuwa nimehisi chochote.

Hospitalini daktari alitazama picha ya mgongo wangu. "Diski imepasuka, imefinya neva. Hapo chini pakianza kufa ganzi ungekuja siku hiyo hiyo. Ulikuwa unangoja nini?" Nilipasuliwa siku ile ile.

Nilirudi nyumbani nikivaa nepi. Mke wangu, Mwende, ndiye aliyenibadilisha. Nilimwambia arudi kwao Machakos aanze maisha mapya. "Baba Kui, wacha ujinga. Inua mguu nikuvalishe," akanijibu, huku machozi yakimtoka. Niliomba kufa. Niliomba kwa sauti, Mwende akisikia, na hilo najutia hadi leo.

Msichana wa mazoezi ya viungo aliweka mizani mbili sakafuni. "Simama, mzee, kila mguu na mizani yake." Wa kulia ulisoma kilo hamsini na tisa. Wa kushoto ulisoma nane. "Sasa hamisha weight iende left, pole pole." Nikageuza kiuno kama mwalimu alivyokuwa akiniambia miaka yote ile. Ikasoma kumi na moja. Nililia mbele ya mtoto wa rika la binti yangu. Ilinichukua miezi saba kufika thelathini, na ndipo nilipotembea hadi getini nikiwa na mkongojo.

Sijapona vile watu wanavyopenda kusikia. Wayo wa kushoto haujui kama sakafu ni baridi. Mkojo natoa kwa mrija wa mpira. Jumatatu nafunga dirisha, ingawa uwanja uko mbali na hakuna ninachoweza kusikia.

Hata hivyo namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Mwende sina neno la kumtosha. Nawe ukifa ganzi pale unapokalia, nenda hospitali leo, mkoba uchukuliwe na yeyote. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nilificha.

Vile viatu viko chini ya kitanda. Kimani amekuja kuviomba mara mbili. "Si hata huvitumii, buda," akaniambia, akaondoka amenuna, na sasa anawaambia makedi kwamba ugonjwa umenifanya mchoyo. Acha aseme. Alipovua ndala mlangoni niliiangalia miguu yake. Naye ni saba, kama mimi.