Onyo Lililobaki Kwenye Kompyuta ya Zamani

Philomena Niyitegeka hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alizaliwa kambini na wazazi wakimbizi waliotoka Burundi, akakulia Kibondo, akapata uraia, na sasa alikuwa mtunza kumbukumbu wa zahanati moja binafsi mjini Kasulu. Lakini tangu mwenye zahanati, Daktari Hashimu, atangaze kwamba wanahamia mfumo mpya wa kompyuta, hata ugali ulikuwa haumshuki.

Kompyuta ya zamani ilikuwa ikizimika yenyewe kila mara. Brighton, fundi wa mifumo kutoka Dar es Salaam, alishauri taarifa za wagonjwa zihamishwe kidogo kidogo, na mifumo yote miwili itumike kwa pamoja kwanza.

"Hii mashine itatufia mkononi," daktari alimkatalia. "Hamisha zote. Jumatatu tunaanza na mpya."

Zikahamishwa. Majina yalikuja, umri ukaja, vijiji vikaja. Philomena alifungua faili chache, akakuta ziko sawa. Hata hivyo moyo ulikataa kutulia, kama wa mtu aliyehama nyumba akijua kuna kitu amekisahau, ila hakijui.

Jumatatu hiyo foleni ilienda haraka hata daktari akawa anapiga mluzi. Mchana akaingia Mzee Nkunzimana, mgonjwa wao wa siku nyingi.

"Mwanangu, mbona leo huniambii ya penisilini?" aliuliza. "Kila nikija mnanikumbusha kwamba haipatani na mwili wangu."

Philomena alifungua faili lake. Sehemu ya mzio ilikuwa tupu. Akakimbilia kompyuta ya zamani, akaiwasha huku akiomba isizimike. Onyo lilikuwepo, limeandikwa kwenye safu ya maoni. Safu hiyo nzima haikuhamishwa.

"Mana yanje!" alinong'ona, akimwita Mungu kwa Kirundi cha wazazi wake.

Akatafuta wote walioandikiwa onyo kama hilo, akawalinganisha na waliotibiwa asubuhi. Jina moja lilijitokeza: Esteri Uwimana wa Heru Juu. Alikuwa na kikohozi kikali, akapewa amoksilini, dawa ya ukoo uleule wa penisilini.

Simu ya Esteri haikupatikana. Daktari Hashimu aliposikia alikunja uso, akatoka kwenda kuchukua gari lake nyumbani. Muuguzi Jeanne ndiye aliyefungasha sindano za dharura, na wanawake hao wawili wakapakiwa kwenye bodaboda moja. Njia nzima Philomena alikuwa akimsihi dereva aongeze mwendo, na kila mwanamke aliyemwona mbele akidhani ni Esteri.

Walimkuta Esteri ameketi mlangoni, midomo imevimba, akijikuna shingo. Mumewe, Fidele, alikuwa akimpepea kwa kanga.

"Umemeza dawa?" Jeanne aliuliza huku akifungua mkoba.

"Kidonge kimoja tu," Esteri alijibu kwa sauti iliyokwaruza. "Niliambiwa nisichomwe sindano ya penisilini. Hivi si vidonge?"

Jeanne alimchoma pajani, akamlaza, akamtazama anavyohema kwa kukoroma. Philomena alishika mkono wa Esteri. Ilichukua muda mrefu mno, au ndivyo alivyoona yeye, kabla ule mkoromo haujapungua. Ndipo gari la daktari likafika, wakampeleka hospitali ya wilaya alazwe chini ya uangalizi.

Esteri alipona. Daktari alikwenda kwao kuomba radhi, na Philomena akafuatana naye. Daktari alijaribu kueleza habari za mfumo mpya, safu na uhamishaji, Fidele akamkatiza.

"Daktari, mke wangu hakuja kutibiwa na kompyuta. Alikuja kwako."

Daktari aliinamisha kichwa. Walipotoka hapo alimpigia Brighton amrudishie mfumo wa zamani hadi kila safu ihakikiwe. Kazi hiyo ilikula wiki kadhaa, Philomena na Jeanne wakisoma maonyo yote, jina kwa jina. Wengine, wenye maonyo ya dawa tofauti na penisilini, walikuwa wamekwisha kutibiwa Jumatatu ileile, kwa bahati bila kupewa dawa hizo.

Siku hizi mfumo mpya unafanya kazi vizuri. Philomena bado humuuliza kila anayefika dirishani, "Kuna dawa isiyopatana na mwili wako?" Wapo wanaokereka na kumwambia si wameshaandikwa humo kwenye kompyuta. Yeye husubiri jibu.