Pamba ya Boti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni ya mpira na ndoo. Sista Mkuu wa thieta, chumba cha upasuaji, mwanamke mrefu asiyecheka, aliangalia viatu vyangu kwanza, ndipo uso.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne, Sista."

"Damu unaogopa?"

"Nimechinja mbuzi wengi."

"Huyu ndani si mbuzi. Osha mikono."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya pili, na hiyo niliimaliza.

Nyinyi vijana mnaovaa nguo za kijani leo mnaona goti linabadilishwa, linawekwa la chuma, na mgonjwa anatembea na fremu kabla hamjalizoea jina lake. Wakati wetu damu ilimwagika. Tulikuwa na mpira wa paja, yaani mkanda mpana unaofungwa juu ya goti na kujazwa upepo ili ubane mishipa. Kuujaza na kuuchunga usilegee ilikuwa kazi yangu, na sikuwahi kulaumiwa. Lakini ukifunguliwa, damu iliyozuiwa inakuja kwa hasira. Kwa hiyo ndugu waliitwa mapema watoe damu. Wanaume wa mtaa wa Manyatta wenye vifua kama milango walikumbuka ghafla kwamba wana homa.

Halafu akaja Daktari Bingwa wa Mifupa, mtu wa Nyeri kule milimani, mpole, mkaidi. Alitaka mgonjwa apimwe damu mapema. Ikiwa pungufu, arudi nyumbani ameze vidonge vya madini ya chuma kwanza. Alitaka mgonjwa asipate baridi, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Mimi nikawa waziri wa mablanketi. Mishipa midogo inayovuja aliichoma kwa kalamu ya umeme, mmoja mmoja, hana haraka. Na kabla ya kisu, sindano ya dawa kwenye mshipa.

Ndipo tukampata Mama Atieno wa Bondo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Magoti yake yalikuwa yamepinda hata sokoni alibebwa kwa mkokoteni. Kanisa lake halikubali mtu kuwekewa damu ya mwingine. Daktari alimwambia, "Nitakufanyia bila damu ya mtu. Lakini bila dawa yangu, sikugusi." Akakubali.

Siku yenyewe nilimsukuma mpaka mlango wa thieta. Daktari akainama. "Mama, sasa tunakupa ile dawa ya kukausha damu."

Mama akaketi wima kwenye machela. "Ooyo! Hapana! Nirudishe wodi!"

"Kuna nini, Mama?"

"Mimi nimekausha omena tangu niwe msichana. Ikikauka hairudi ziwani. Na wewe unataka kunikausha mimi?"

Yule wa dawa ya usingizi akacheka. Sista Mkuu akamtazama, kicheko kikaisha.

Daktari hakucheka. Alivuta stuli akakaa. "Nimekosea neno, Mama. Kwetu Nyeri hakuna omena."

"Hiyo naona."

"Ukijikata, damu inajiziba yenyewe. Lakini kwenye upasuaji mwili unakimbilia kuyeyusha kile kizibo. Dawa inazuia kisiyeyuke. Damu yako haikauki. Inabaki ndani, inatembea."

Mama akanigeukia. "Baba, wewe ni mtu wa ziwa. Huyu anasema kweli?"

"Vitambaa vya kufutia damu ninavyookota siku hizi ni vyepesi," nikamwambia. "Lakini goti ni lako."

Akanitazama juu mpaka chini. Ungedhani anapima omena. Halafu akamwambia Daktari, "Boti ikivuja, fundi anasukuma pamba katikati ya mbao. Ziwa halikauki, ila boti haivuji. Dawa yako inashikilia pamba isitoke?"

"Hivyo hivyo, Mama."

"Sasa si ungesema! Baba, sukuma."

Mpira wa paja ulipofunguliwa, wote tuliinama kutazama. Palilowa kidogo tu, basi. Hakuwekewa hata tone la damu ya mtu. Alitoka wodini kwa miguu yake, akimgombeza nesi kwa sababu ya chai isiyo na sukari. Tangu hapo, hata Sista Mkuu aliagiza, "Leteni pamba ya boti."

Nimestaafu, niko Sondu. Niliingia na ndoo, nikatoka nikiwa mkuu wa wasaidizi wote wa thieta. Sikubebwa na mtu. Magoti tu ndiyo yamechoka kusukuma watu, sasa zamu ni yangu. Majuzi kliniki, nesi mdogo asiyenijua aliniambia, "Mzee, kabla ya kisu tutakupa pamba ya boti. Nikueleze?"

"Nieleze."

Akanieleza mbao, maji, fundi, yote. Nilimwacha afike mwisho.

"Umeelewa, Mzee? Ama unaogopa?"

"Sukuma," nikamwambia.