Nje ya Lango la Hekalu

Mama alizikwa kwetu Mogogosiek nikiwa Japani. Kiwanda cha chai ninakofanya kazi kilikuwa kimenituma huko kujifunza kutengeneza chai ya kijani, na safari haikuweza kukatizwa. Nilitazama mazishi kwa simu. Mtandao ulikatika pasta akiomba. Uliporudi, watu walikuwa wakila. Sikulia. Kesho yake nilienda darasani nikanusa majani kama kawaida, wala sikumwambia mtu. Ningesema nini? Hata salamu yao nilikuwa naivunjavunja.

Jumapili, mama mwenye nyumba nilikokaa, mwanamke wa makamo aliyependa kunilazimisha kula, alitaka kunipeleka kwenye hekalu lao la Shinto, dini yao ya jadi. Dada yangu alikuwa ameshanionya kwa simu: "Usiinamie masanamu za watu huko. Kanisa itasema nini?" Sikuwa na nguvu ya kubishana na dada, wala ya kumkatalia mwenyeji. Nilienda tu, kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa dipu.

Tuliongea kupitia simu yake, iliyotafsiri kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Nje ya lango la mbao alinifundisha adabu: tuiname kabla ya kuingia, tupite kando kwa sababu katikati ni njia ya mungu wao, tunawe mikono na kusukutua kinywa, kisha mbele ya hekalu tuiname, tupige makofi, tuiname tena. Niliigiza yote vizuri palepale nje, akafurahi. Ndipo simu ikasema: "Aliyefiwa karibuni haingii. Husubiri msiba upoe."

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini mimi ni mbishi hata nikiwa nimekufa ganzi. Siingii nyumba ya mtu kwa uongo, hata ya mungu nisiyemwabudu. Nikaiambia simu: "Mama yangu alizikwa Alhamisi." Sikuwa nimewahi kuyatamka maneno hayo.

Mwenyeji alisoma, akajiziba mdomo kwa kiganja. Yeye hakuwa amefiwa. Angeweza kuingia kusali, kisha anikute palepale. Hakuingia. Alisimama kando yangu, mkoba kifuani, watu wakiinama na kutupita. Kisha akaiongelesha simu kwa sauti ndogo, nayo ikasema: "Pole kwa mama."

Nyumbani walipanga foleni kumpa dada mkono. Mimi hiyo ndiyo iliyokuwa pole yangu ya kwanza ya ana kwa ana. Nilitaka kulia, angalau asione amepoteza Jumapili yake bure, lakini machozi hayakuja. Nikasema asante, naye akajifuta machozi. Aliyemlilia mama siku hiyo ni yeye.