Ufito Uani kwa Mama

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa jirani yangu, mama wa Kikongo anayeishi kando ya mfereji hapa mtaa wa Small Heath. Wavuvi wa mashindano walikuwa wamejipanga ukingoni, na mmoja alikuwa na ufito wa kuvulia mrefu kupita basi. Kila akiuvuta nyuma kutoa samaki, kitako cha ufito kilipenya kwenye pengo la uzio wa mama na kusukuma nguo alizoanika mama.

"Umuambie atoshe mti yake ku manguo yangu," mama aliniagiza nimwambie auondoe, mikono kiunoni. Kiingereza chake hukitunza kwa mambo ya amani.

Nikatoka kugombana kwa niaba yake, naye akanifuata. Mvuvi, mzee wa Kizungu, aliomba radhi. Kisha akalowesha viganja, akamshika samaki kama anayepokea mtoto mchanga, akamtia kwenye wavu uliozama majini. Mama akataka kujua samaki hao wataliwa lini.

"Hatuwali," mzee alijibu. "Jioni tunawapima, halafu wanarudi kwao."

Nikatafsiri. Mama akarudia polepole, "Wanarudi kwao."

Akaingia uani, akaanua nguo zote zikiwa bado mbichi, akafungua lango wazi ili ufito upite.

Najua mtaniuliza nani alishinda. Sijui, kwa sababu jioni mama hakuitazama mizani. Alisimama langoni amevaa koti lake, nami nikasimama naye, mpaka samaki wa mwisho alipoachiwa majini.