Nyumba ya Mwisho Kabla ya Basi

Siku zile kiatu kilikuwa cha basi, si cha njia. Mtu akitoka kijijini kwetu, upande wa Mahege, kwenda Kibiti au Dar, alitembea peku mwendo wa saa nzima, viatu mkononi au vimefungwa kwenye keria ya baiskeli, mpaka nyumba ya mwisho kabla ya barabara kuu. Hapo ndipo alipoosha miguu. Mwanamke alivua kanga ya njia, iliyopauka na kuloa umande, akajifunga ile ya safari. Mwenye baiskeli aliiegemeza ukutani nyuma ya nyumba, bila kufuli, akapanda basi akaenda zake siku mbili tatu. Akirudi aliikuta, na mwenye kanga aliikuta kanga yake imekunjwa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya shemeji yangu. Namwita shemeji kwa sababu aliolewa na ndugu yangu wa ukoo, akaletwa kwetu kutoka Mbwera, huko visiwani. Ndugu yangu huyo alikwenda Dar kutafuta maisha, zama za ruksa zilipoanza na kila mtu akawa mfanyabiashara. Maisha aliyapata, pamoja na mke mwingine. Sisemi kwa kumlaumu, maana sikuwako walipogombana. Ninachojua ni kwamba shemeji alibaki na nyumba na kisima. Alikaanga vitumbua, akapika uji, akatunza baiskeli za watu. Aliyerudi na sabuni alimmegea kipande, aliyekuwa na ndizi aliacha chane. Hayo ndiyo yaliyomweka pale. Njia isingepita mlangoni kwake, angelazimika kurudi Mbwera kwa kaka zake, na wake wa kaka zake, alivyozoea kusema mwenyewe, walikuwa na macho ya kuhesabu matonge.

Lakini njia yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa mbaya. Ilizunguka shamba la huyu na shamba la yule, na mahali pawili mchanga ulikuwa mwingi hata baiskeli ikawa mzigo badala ya kubeba mzigo. Zamani, basi lilipokuwa moja na la kubahatisha, hilo halikutuuma sana. Mabasi ya watu binafsi yalipoongezeka, yakawa yanapita asubuhi mawili, hata matatu, na hayamsubiri mtu. Siku moja mke wa jirani yangu, mjamzito wa miezi yake, alipakiwa kwenye keria apelekwe Kibiti. Walikwama mchangani. Wakasikia honi ya basi, kisha wakasikia basi likiondoka. Alikwenda kesho yake na akajifungua salama, lakini usiku ule kijiji kizima hakikulala vizuri.

Kikao kikakaa, ikaundwa kamati ya njia, nami nikafanywa katibu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, ila mwandiko wangu unasomeka, na watu walijua nina daftari ninaloandika mambo ya kila siku. Huenda walidhani mtu wa daftari ni mtu wa akili. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika hiyo.

Kazi ya kupima niliifanya na mwalimu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, amepangiwa shule yetu miaka mitatu kabla, na alikuwa na baiskeli mpya ya Kichina aliyoifuta vumbi kila jioni kama mtu anayeogesha mtoto.

"Katibu," aliniambia, "njia fupi ni iliyonyooka. Mengine ni mazoea."

Yeye alishika ncha ya kamba, mimi nikapigilia vigingi. Kutoka shuleni tulikwenda vizuri, tukapita mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamekubali, mpaka kwenye kichuguu kikubwa karibu na barabara. Hapo palikuwa na njia mbili. Tungeweza kushika kushoto tukatokea kwa shemeji, au kulia tukatokea mlimani, penye kibao cha shule. Nikashika kulia. Daftari langu la siku ile linasema: "Kushoto ni bondeni, mvua ikija patatuama maji." Nimelisoma tena juzi. Yalikuwa maneno ya kweli.

Baada ya kuvuna mpunga, watu walitoka na mapanga na majembe, njia ikafunguliwa kwa siku nne. Ilipendeza. Mwalimu aliendesha mpaka barabarani bila kushuka hata mara moja, akarudi kutuambia, kisha akaenda tena ahakikishe kama ni kweli. Kinamama waliokuwa wakitoka na giza sasa waliweza kutoka kumeshapambazuka.

Tatizo lilikuwa basi. Tulijipanga penye kibao, mizigo chini, mikono juu. Dereva alitupungia kwa adabu kabisa, akapita, akateremka kilima, akasimama kulekule kwa shemeji. Tukakimbia mchangani, kuku wananing'inia vichwa chini, na basi likaondoka tumefika nusu. Siku moja katika nne, dereva alituhurumia akasimama, na hiyo siku moja ilitosha kututia tamaa. Watu wakawa wanangoja pale juu.

Nilikwenda kumwuliza konda. Nilimkuta kwa shemeji, kitumbua mkononi.

"Mwanangu, mbona hamsimami pale juu kwenye kibao?"

"Pale mlimani?" Alitafuna kwanza. "Nikisimamisha gari kwenye mchanga ule, nani atanisukuma? Wewe?"

"Tutasukuma."

"Mzee, usijitakie kifo. Halafu gari hili lina kiu kuliko ng'ombe. Linakunywa hapa kwa mama."

Aliponyoosha kidole nikamwona utingo amepanda mbele ya basi, anamimina ndoo ya maji ya kisima kwenye rejeta, mvuke unamfunika uso. Nilikuwa nimeliona jambo lile miaka na miaka. Nilidhani basi linasimama pale kwa sababu sisi tunalisubiri pale. Kumbe sisi ndio tuliolifuata basi, na basi lilifuata kisima.

Miezi miwili ikapita hivyo. Baiskeli zikafichwa vichakani kule mlimani. Moja ikaibiwa kengele, nyingine pampu. Kinamama wakabadili kanga nyuma ya mibono, mmoja akishika zamu ya kuangalia njia. Miguu ilipanda basi na vumbi lake. Kwa shemeji ukuta ukabaki mtupu. Kulikuwa na alama za mipini ya baiskeli kwenye udongo, basi. Alipunguza unga wa vitumbua, kisha akapunguza tena, akabaki na wa konda na dereva.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema jambo ambalo siku ile lilionekana la haki: shemeji ahame, apande mlimani, tumjengee kibanda, na maji tumchotee. Basi litamfuata. Wote tukaitikia. Nikatumwa mimi, kwa kuwa ni shemeji yangu na tuna utani.

Nilimkuta kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Karibu, Katibu. Leo umekuja na miguu au umekuja na kikao?"

"Vyote viwili, shemeji."

"Basi miguu ikae, kikao kisubiri nje."

Nilikaa, na kikao nikakieleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukuna.

"Na kisima mtakipandisha kwa keria ya nani?"

"Maji tutakuchotea. Kwa zamu."

"Zamu. Ofisi ya kijiji mliiwekea zamu ya kufagia, mbuzi wakazaa ndani."

Nikacheka, maana ilikuwa kweli. Yeye hakucheka. Aligeuza kifuu akaanza upande wa pili.

"Shemeji, sitaki ugomvi, nauliza tu. Kamba yenu ilikuja vizuri mpaka kwenye kichuguu. Nilikuwa nawaona kutoka hapa. Pale ikakata kulia. Kushoto kuna nini?"

"Bonde. Maji yatatuama."

"Haya, bonde. Na ukishavuka bonde?"

"Mikorosho."

"Ya nani?"

Alikuwa anajua. Alikuwa ameokota korosho chini ya miti ile kwa ruhusa yangu, mwaka baada ya mwaka. Alitaka tu niseme mwenyewe.

"Yangu," nikasema.

"Sikuuliza kwa ubaya." Aliweka kifuu chini. "Kaka yangu anakuja kutoka Mbwera mwezi ukiandama. Kama baiskeli hazijarudi ukutani, naondoka naye. Nilitaka nijue kama naondoka kwa ajili ya maji au kwa ajili ya nini."

Nilirudi kwa kupitia kwenye miti ile. Ilikuwa mitano iliyosimama hasa mahali ambapo njia ingepita, na ilikuwa inachanua, harufu yake tamu na nzito. Niliirithi kwa baba. Miaka korosho ilipokuwa haina maana niliiacha ikamezwa na magugu, hata nikasahau mpaka wake. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao hadi vijijini niliifyekea upya, nikaipenda kama mtu anayemrudia mke aliyemwacha.

Je, siku ya kamba nilijua? Nimejiuliza sana. Nikisema nilijua, najipa ujanja ambao sidhani ninao. Nikisema sikujua, mbona niliandika bonde na sikuandika mikorosho? Mtu anayeandika kila kitu, hata jogoo wa jirani aliyekufa, akiacha kitu kimoja nje, kitu hicho kina sababu. Zaidi ya hapo siwezi kujihukumu. Aje mwingine ahukumu.

Kwenye kikao kilichofuata nilisimama nikaeleza. Nilisema njia ilipinda kulia kwa ajili ya miti yangu, au huenda kwa ajili ya miti yangu, na kwamba nitaikata. Nilitegemea watu washangae. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao.

Mwalimu ndiye aliyesema. "Katibu, mimi nilijua siku ileile. Si nilikuwa nimeshika kamba?"

"Mbona hukusema?"

"Mimi mgeni hapa. Sina hata mpapai. Nimwambieje mwenyeji akate mti unaozaa?"

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. "Mtu haombwi mti unaozaa. Mwenyewe ndiye husema. Sisi tulikuwa tunakusubiri."

"Mlikuwa mnanisubiri huku mnamhamisha mwanamke wa watu?"

"Na wewe ulikuwa unakwenda kumwambia," akajibu, kwa upole.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Kamati nzima ilikuwa imeniheshimu mpaka ikataka kumwondoa mtu kwake. Lakini nikajiuliza: kama miti ingekuwa ya mwenyekiti, mimi ningesema? Nisingesema. Ningeandika bonde. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kukasirika muda mrefu, nikakaa chini.

Nilianza kukata asubuhi iliyofuata, kabla moyo haujageuka. Mkorosho haukatiki kirahisi, matawi yake yanalala chini yanakuzuia kufika shinani. Siku ya kwanza niliangusha mmoja. Siku ya pili mwalimu alikuja na shoka la kuazima, hajui kulishika, tukaangusha wawili. Maua yalitujaa kichwani. Nilipoangusha wa nne na kugeukia wa tano, nilimwona shemeji anavuka bonde, mikono myeupe kwa unga wa mchele.

"Huo uache," akasema.

"Uko katikati ya njia, shemeji."

"Njia izunguke. Kwetu Mbwera mkondo wa maji haunyooki hata hatua kumi, na watu wanafika harusini na wanafika msibani."

"Wao wana mitumbwi," akasema mwalimu, anahema. "Hizi ni baiskeli, mama."

"Baiskeli ina usukani, Mwalimu. Usukani ni wa nini kama si wa kukata kona?"

Mwalimu alinitazama mimi. Mimi nikalitazama shoka. Nikaliweka chini.

Magogo ya miti ile minne tuliyalaza bondeni, tukamwaga mchanga na changarawe juu yake, na masika yaliyofuata maji yalikuja kutuama kweli; katika hilo daftari halikudanganya. Kaka yake shemeji alifika mwezi ulipoandama, mtu mrefu, mkimya, na mfuko wa kamba uliojaa samaki wakavu kwa ajili ya safari ya watu wawili. Alikunywa uji amekaa nyuma ya nyumba, baiskeli saba zimemzunguka, moja imemwegemea bega. Kesho yake aliondoka peke yake, na samaki akaacha nusu.

Ile kona ipo mpaka leo. Wenye baiskeli huilaani, hasa wanaochelewa basi, na wageni huuliza ni mpumbavu gani alipima njia hii. Mwalimu alimwuliza shemeji kwa nini aliutetea mti ule, akajibiwa kwamba abiria wanahitaji kivuli. Lakini kutoka pale hadi barabarani bado kuna hatua nyingi, na sijawahi kuona abiria amekaa pale akisubiri basi. Huenda alinihurumia. Huenda hakutaka nionekane nimetoa vyote, watu wakaanza kumdai shukrani kwa ajili yangu. Sikumwuliza. Nilihofia jibu lolote kati ya hayo mawili.

Msimu ukifika, korosho za mti ule huanguka njiani, na anayepita ndiye anayeokota.